Hema Ndani ya Darasa: Yaliyotupata na Tuliyojifunza



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, ndugu walimu na wanafunzi wapenzi, leo hatukuja na somo la fiqhi wala la tajwidi. Tumekuja na kisa kilichotupata wenyewe hapa Bujumbura, katika darasa la watoto wadogo wa madrasa yetu, wale wa miaka sita hadi tisa. Tumeona tukieleze kama kilivyokuwa, pamoja na pale tulipokosea, ili mzazi au mwalimu atakayetaka kupamba darasa la watoto asije akarudia kosa letu.

Wazo lilivyoanza

Ilikuwa Agosti 2024, shule zimefungwa na joto limepanda. Darasa letu ni chumba kimoja chenye paa la bati, kuta zilizopakwa chokaa miaka mingi iliyopita, ubao mmoja na mikeka. Watoto wakitoka shule ya asubuhi wanafika kwetu wamechoka, na wengine wanasinzia juu ya msahafu. Tukaulizana: tufanye nini ili mtoto akifika mlangoni apate hamu ya kuingia?

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa kike anayefundisha herufi, akatuonyesha kwenye simu yake picha za madarasa ya shule za msingi za Marekani. Huko walimu wana desturi ya kulipamba darasa kama vile wanafunzi wamekwenda kulala porini: mahema madogo ya kitambaa kwenye pembe, moto wa karatasi nyekundu katikati, nyota kwenye dari, miti kwenye kuta. Watoto husomea ndani ya mahema. Tukasema, mbona hili tunaliweza! Sisi tuna ziwa, tuna milima, tuna msitu wa Kibira na bonde la Rusizi. Kwa nini watoto wetu wasisome Juzuu Amma chini ya hema?

Tukafunga kazi. Mianzi tukapewa bure. Mashuka ya zamani, vitenge na vyandarua vilivyotoboka vikatoka majumbani. Maboksi tuliyapata kwa wenye maduka, na kijana mmoja fundi wa magari hapa Buyenzi akatusaidia kufunga waya za kuning'iniza. Fedha tuliyotoa haikufika faranga 40,000, na nyingi ilikwenda kwenye rangi na kamba. Tunalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani mapambo ya darasa lazima yawe israfu. Hayana lazima hiyo.

Ukuta wa magharibi tukauchora ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Uvira ambayo jua linazama nyuma yake kila siku, ili watoto wajifunze wakati wa Maghrib kwa kutazama ukuta wao. Darini tukabandika nyota. Sakafuni tukachora mshale wa kibla, maana watoto wengi wanajua kusimama nyuma ya imamu lakini ukiwauliza Makka iko wapi wanaonyesha popote. Kutoka hapa Bujumbura kibla kiko kaskazini, kimeinamia mashariki kwa digrii 22 hivi. Tulikipima kwa dira na tukawaonyesha.

Hapo palizuka mjadala. Watoto walisikia habari na wakaomba tuchore kiboko. Na kweli, nani atachora ufuko wa Bujumbura bila kiboko? Mmoja wetu akasema hakuna ubaya, ni picha ya kufundishia watoto. Mwingine akakumbusha hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, alipojiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora, akamnasihi kama hana budi basi achore miti na vitu visivyo na roho. Wanazuoni wamezungumza mengi katika mas-ala haya na sisi si wa kuyamaliza. Tulichofanya ni kuchora nyayo za kiboko tu, kutoka ufukweni hadi mlangoni. Ndugu zanguni, nyayo zile ziliwafurahisha watoto kuliko ambavyo kiboko mwenyewe angewafurahisha! Kila siku walikuwa wakibishana amekwenda wapi.

Mwisho tukapata hema kubwa. Mzazi mmoja alituletea turubai jeupe, shitingi kama tunavyoliita hapa, lenye herufi za buluu za shirika la wakimbizi. Lilikuwa zima, halipitishi maji, nasi tukafurahi. Tukalisimamisha katikati ya chumba. Kisha juu ya mlango tukaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI KAMBINI.

Siku ya kwanza

Watoto waliingia kwa shangwe. Waligombania mahema, wakavua viatu, wakakaa kuzunguka moto wa karatasi. Sisi tukawa tunatazamana na kutabasamu.

Binti mmoja wa miaka minane hakuingia. Alisimama kizingitini na juzuu yake kifuani, akasoma maandishi ya mlangoni silabi kwa silabi, kama tulivyomfundisha wenyewe. Kisha akalitazama turubai. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, tunarudi?"

Hatukumwelewa. Tukamwambia, "Ingia mama, hii ni michezo." Akaingia, lakini alikaa karibu na mlango mpaka tulipotoka.

Kesho yake alikuja mama yake. Ni mwanamke mpole, hana tabia ya kulalamika. Akasema: "Ustadh, mimi siwalaumu. Lakini jana usiku mtoto alitia nguo zake kwenye mfuko, akauweka karibu na mlango. Nikamuuliza unakwenda wapi? Akaniambia, mwalimu ndiye anayejua."

Tulikaa kimya. Binti yule alizaliwa katika kambi ya Nduta, upande wa Tanzania. Wazazi wake walikimbia mwaka 2015, na walirudi 2023. Maisha yake yote kabla ya hapo aliyaishi chini ya turubai kama lile lile, lenye herufi zile zile. Alipoambiwa huko kwamba wanarudi Burundi, aliona mahema yakivunjwa na watu wakipanda mabasi. Leo kaingia darasani, kakuta hema limesimama na mwalimu wake anamwambia karibu kambini. Angefikiri nini?

Na hakuwa peke yake. Tulipoanza kuulizana tukagundua jambo ambalo ilitupasa tulijue kabla ya kununua hata kamba. Miongoni mwa watoto wetu wapo ambao nyumba zao Gatumba zilimezwa na maji ya Rusizi na ziwa, mafuriko ya 2020 na tena ya 2024, wakahamia kwenye maturubai. Wapo ambao baba zao walikimbia mwaka 1993. Na babu wa mmoja wao alivuka mpaka mwaka 1972 akiwa kijana. Katika nchi yetu karibu kila ukoo una hema katika habari zake, na sisi tulikuwa tumelisimamisha moja kama pambo.

Lugha yetu nayo ilitusaliti kidogo. Kiswahili kina neno moja tu, kambi. Wanafunzi wanaokwenda matembezini wanapiga kambi, askari wanakaa kambini, na wakimbizi nao wanaishi kambini. Yule mtoto wa Marekani aliyeko kwenye picha analijua neno hilo kwa maana ya kwanza. Mtoto wetu analijua kwa maana ya tatu.

Tulishauriana

Jioni ile tulikutana baada ya sala ya Isha. Mmoja wetu alisema tuvunje kila kitu usiku huo huo. Mwingine alisema tukivunja ghafla, watoto walioathirika wataona hema tena linavunjwa na watu wanaondoka, na hilo nalo lina maumivu yake. Baba mmoja tuliyemwalika alisema kwa uchungu kwamba tumeugeuza msiba wa watu kuwa mchezo. Hatukuwa na la kumjibu, kwani alikuwa na haki.

Kisha yule babu aliyekimbia mwaka 1972 akaomba kusema. Akatuambia: "Vijana, hema halina dhambi. Mimi hema lilinistiri. Kibaya ni mtoto kuingizwa hemani bila kuambiwa ni kwa nini, na bila kuambiwa atatoka lini. Sisi ndivyo tulivyoingizwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuongoza. Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, turubai jeupe liondoke, na lisiondolewe usiku kwa siri bali mchana, mbele ya watoto, tukiwaeleza. Pili, maandishi ya mlangoni yabadilike yawe KARIBUNI SAFARINI. Tatu, tumwombe radhi yule binti na mama yake.

Kumwomba radhi mtoto wa miaka minane si jambo tulilozoea. Wengi wetu tumelelewa kwamba mwalimu hakosei, au akikosea hasemi. Lakini tulichuchumaa mbele yake tukamwambia: "Tulikosea, hatukukuuliza. Hakuna anayehama. Mwakani utakuwa hapa hapa, inshaAllah." Alitutazama, akauliza kama anaweza kukaa mlangoni. Tukamwambia akae popote moyo wake utakapotulia.

Hema katika dini yetu

Yaliyobaki ni mahema madogo ya vitenge na mashuka. Tukaona kwamba kama yatabaki, basi yabaki na elimu ndani yake. Tukaanza kuwasimulia watoto.

Tuliwaambia kwamba katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anatukumbusha neema ya majumba tunayotulia ndani yake, na papo hapo anataja nyumba za ngozi za wanyama, nyepesi kubeba siku ya safari na siku ya kutua. Hema limetajwa pamoja na nyumba, katika hesabu ya neema. Tuliwasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) naye alikaa hemani: Abu Juhayfa (r.a.) alimwona Makka akiwa ndani ya hema jekundu la ngozi. Tukawasimulia safari ya Hijra, jinsi Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walivyojificha siku tatu katika pango la Thawr, kisha njiani wakapita kwenye hema la Ummu Maabad. Tukawaambia habari za Mina, mji wa mahema zaidi ya laki moja, ambako tajiri na maskini wote wanalala hemani wakiwa wageni wa Allah.

Hapo mtoto mmoja wa Gatumba akauliza: "Kwa hiyo Mtume naye alikimbia?"

Naam, tukamjibu, alihama, na kabla yake baadhi ya masahaba walihamia Uhabeshi, hapa hapa barani Afrika, wakapokewa na mfalme mwadilifu. Na Waislamu walipotaka kuanza kuhesabu miaka yao, katika ukhalifa wa Umar (r.a.), hawakuanzia siku Mtume aliyozaliwa wala siku ya ushindi wa Makka. Walianzia mwaka wa kuhama. Kalenda yetu nzima inahesabu kuanzia pale watu walipoacha nyumba zao.

Tuliona nyuso kadhaa zikibadilika siku ile. Hatudai zaidi ya hapo.

Tulifundisha pia kwa vitendo. Kila hema lilichagua amiri wake, kwa mujibu wa hadithi ya watu watatu wakiwa safarini. Tulifundisha kupunguza sala, na kutayamamu kwa udongo tulioutia katika sinia. Tulichukua chupa ya maji tukawaonyesha kipimo cha mudi moja, kama theluthi mbili za lita, ambacho Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha nacho, kisha kila mmoja akajaribu kutawadha kwa kiasi hicho. Watoto waliotoka kambini walifanikiwa mara ya kwanza. Sisi walimu tulimaliza maji kabla ya kufika miguuni! Tukacheka sote.

Ama yule binti, aliendelea kukaa mlangoni. Wiki ya tatu hivi alinyanyuka bila kuitwa, akachukua chaki, akachora mstari sakafuni kulizunguka hema la kitenge lote. Wenzake wakamuuliza ni nini. Akawajibu, "Mtaro. Bila mtaro maji yanaingia usiku." Kisha akawaonyesha kwamba kamba zetu tumezifunga vibaya, upepo ukija hema litaruka. Akazifunga upya mwenyewe. Tangu siku ile kila hema likawa na mtaro wa chaki, na ukifutika wanauchora tena. Lakini yeye ndani ya hema hakuingia hata siku moja, nasi hatukumlazimisha.

Februari 2025

Mnamo Februari 2025 vita vya Kongo vilisogea, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mto Rusizi kuja kwetu. Wengi walifikia Rugombo, kule Cibitoke, wakalala uwanjani bila kitu cha kujifunika. Ilikuwa Shaaban, Ramadhani inakaribia. Misikiti ilianza kukusanya nguo, unga na vyombo.

Watoto walisikia nyumbani. Siku moja amiri wa hema moja akasimama akasema mashuka yetu yapelekwe. Tukawauliza wote, maana sasa tulikuwa tumejifunza kuuliza. Wakakubali. Turubai jeupe, ambalo tulikuwa tumelikunja na kuliweka stoo, likawa la kwanza kutoka. Yule binti alisaidia kulikunja vizuri, pembe kwa pembe. Kisha akatuambia: "Mwalimu, wapelekeeni na sufuria zenye mifuniko. Na sabuni. Watu wanaleta nguo, sabuni hawaleti."

Tuliongeza sufuria na sabuni. Tuliyempelekea mzigo alituambia sabuni ndiyo iliyoisha kwanza.

Darasa lilibaki na ziwa ukutani, nyota darini, mshale wa kibla na nyayo za kiboko. Mahema hatukuyasimamisha tena.

Nasaha kwa wazazi na walimu

Wapo watakaotuuliza kama tunashauri kulipamba darasa la watoto. Tunashauri, tena sana. Mahudhurio yetu yaliongezeka na watoto waliacha kusinzia. Lakini zingatieni haya:

1. Mjue mtoto kabla ya kumpambia. Waulize wazazi alikotoka na anachokiogopa. Ni maswali ya dakika tano, nasi hatukuyauliza.

2. Usichukue pambo la watu wengine kama lilivyo. Kitu ambacho kwa mtoto wa mbali ni likizo, kwa mtoto wako huenda ni msiba.

3. Jihadharini na moto. Vitambaa vinavyoning'inia na mishumaa umeme ukikatika ni hatari kubwa. Mwaka 1997 moto uliozuka Mina uliunguza mahema kwa maelfu na mahujaji zaidi ya 300 wakafariki, Allah awarehemu. Baada ya hapo ndipo yalipowekwa mahema yasiyoshika moto. Na Mtume (s.a.w.), nyumba ilipowaunguzia watu Madina usiku, alitahadharisha kwamba moto ni adui, uzimwe kabla ya kulala. Sisi tulitumia taa ndogo za betri, na njia ya mlangoni tuliiacha wazi.

4. Tumieni vilivyopo nyumbani. Mashuka, maboksi na mianzi vinatosha.

5. Kila pambo liwe na somo lake. Nyota zifundishe kibla, hema lifundishe sala ya msafiri, chupa ifundishe kutofanya israfu ya maji.

6. Mkikosea, mwombeni mtoto radhi. Heshima ya mwalimu haipungui.

Mtume (s.a.w.) alimshika bega Ibn Umar (r.a.) akamuusia awe duniani kama mgeni au mpita njia. Tumeifundisha hadithi hiyo miaka mingi kwa kuiandika ubaoni. Mwaka ule tulikuwa na watoto waliokwisha kuiishi kabla hawajaisoma, nao wakatusomesha.

Tunamwomba Allah (s.w.) awape makazi wasio na makazi, awarudishe kwa amani waliohama, azihifadhi nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.